Mgodi usio na gridi: vioo vya kukusanya jua au paneli za kawaida?

Swali
Wakuu, nasimamia mitambo mgodini, tunachoma dizeli usiku na mchana. Lori la mafuta likikwama, mimi silali. Bosi kapenda ule mfumo wa vioo vinavyomulika jua kwenye mnara, eti unatoa umeme hata usiku. Mimi nawaza paneli na betri. Mnashaurije?

Jibu 1
Paneli, usijitese. Vioo vinataka jua linalopiga moja kwa moja. Vumbi au ukungu ukitawanya mwanga, mnara unalala, wakati paneli bado zinatoa kiasi. Halafu ile chumvi iliyoyeyushwa, inayotunza joto la jua kwa ajili ya usiku, hupashwa hadi nyuzi 565 hivi, na ikishuka karibu na 240 inaanza kuganda. Ikigandia kwenye bomba saa nane za usiku, ataamshwa nani? Bosi? (Nimeshazibua bomba la lami, sitaki kukumbuka.)

Jibu 2
Bosi hajakosea kabisa. Gemasolar, mtambo wa mnara wa Hispania wenye megawati 19.9, una hifadhi ya joto ya kutoa umeme saa 15 bila jua. Ila angalia ukubwa huo: turbini ya mvuke, inayogeuza joto la mnara kuwa umeme, ikiwa ndogo, ufanisi unaporomoka. Kwani mnahitaji joto pia?

Muulizaji
Ndiyo, kuna matangi ya kuchenjulia shaba yanayotaka kuwa nyuzi 50 hivi. Tunayapasha kwa dizeli hiyohiyo.

Jibu 2
Ungeanza na hilo! Hapo hata mnara hauhitajiki. Mgodi wa Gabriela Mistral, Chile, unatumia vikusanya joto bapa, yaani paneli za kupasha maji kwa jua, kwa kazi hiyo tangu 2013. Umeme mwachie paneli.