Tupeane uzoefu: ulijifungua chali, ubavu au umepiga magoti?

Mama wa Langoni, Lamu
Assalam aleikum dada zangu. Nina watoto wawili na kila mmoja nilimzaa kwa mkao wake. Wa kwanza nilipandishwa kitandani mapema, nikalazwa chali, miguu juu kwenye vyuma. Kila uchungu ukipanda nataka kugeuka, naambiwa nitulie. Nikaongezewa njia, yaani nikakatwa kidogo mtoto apite, nikashonwa. Arubaini karibu yote nilikalia paja moja, na kunyonyesha ni kwa kulala.

Wa pili nilimpata mkunga aliyeniuliza, "Mwili wako wataka vipi?" Nilikuwa sijaulizwa hivyo hata siku moja. Nikapiga magoti, nikakumbatia mto, mama ananikanda kiuno. Sikushonwa hata uzi mmoja, na siku ya tatu nilikaa mkekani nikala na wenzangu. Najua uzazi wa pili huwa mwepesi, sisemi ni magoti pekee. Ila lile swali la mkunga silisahau. Tuambieni yenu, na mlivyopona pia, maana hapo ndipo wengi hunyamaza.

Bi wa Shela
Mimi ubavu. Nilikuwa hoi, uchungu tangu jana yake. Nikalazwa ubavu wa kushoto, dada yangu kanishikia mguu wa juu. Kati ya uchungu na uchungu nilikuwa nasinzia kabisa! Nilichanika kidogo tu.

Mkunga mstaafu, Malindi
Wanangu, mama akilala chali, tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha yaweza kushuka, na mtoto akapungukiwa hewa. Ukisimama au kuchutama, uzito wa mtoto mwenyewe wasaidia kumshusha. Kuna uchambuzi wa mwaka 2013 wa tafiti 25 kuhusu hatua ya kwanza, njia inapofunguka: kwa waliotembea au kukaa wima hatua hiyo ilipungua kama saa moja na dakika 20. Na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema mama asiye na sindano ya ganzi ya mgongoni achague mwenyewe mkao wa kusukuma.

Lakini niseme yote. Kusukuma ukiwa wima hupunguza kuongezewa njia, ila huenda damu inayotoka ikazidi nusu lita kwa baadhi ya kina mama. Mwenye upungufu wa damu amwambie mkunga mapema. Na usizae peke yako nyumbani kwa sababu umesoma haya.

Mama Watatu, Malindi
Mimi chali, na sijuti. Mapigo ya moyo ya mtoto yalishuka, daktari akalazimika kumvuta kwa vakyumu. Kwa hali ile singekataa.

Kupona ndiko kulikonitesa. Shangazi yangu, Mungu amjaalie kheri, alitaka kunikanda kwa maji ya moto sana, na mshono bado mbichi. Muuguzi akamkataza kwa adabu. Nikawa nakaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha najikausha vizuri. Mkaja, ile nguo ya kufunga tumbo, nilifunga, ila si wa kukaba. Baada ya wiki sita bado nikicheka mkojo watoka. Kuna mwenzangu?

Mkunga mstaafu, Malindi
Wako wengi, mwanangu, wanaficha tu. Bana misuli ya chini kama unazuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usifanye wakati unakojoa. Ikipita miezi mitatu bila nafuu, rudi kliniki.

Mjamzito wa Faza
Mola akipenda ni mwezi ujao. Nitavuka kuja Lamu mjini wiki mbili kabla, nikae kwa dada, nisije nikashikwa na uchungu chomboni. Jana kliniki nilijipa moyo nikauliza kama naweza kupiga magoti. Muuguzi akasema, "Waweza, presha yako na damu viko sawa. Njoo na leso mbili za kutandika." Nimeshazifua.