Boti ya faiba futi 19 haina kioo cha mbele kabisa, naomba ushauri

Mkoani_Bandarini:
Asalaam alaykum wakuu. Boti kuukuu ya faiba, futi 19, ipo Mkoani, Pemba. Kioo cha mbele hakipo. Kimebaki kipande cha fremu ya alumini upande wa kushoto na matundu 14 ya skrubu kwenye sitaha. Upana ni sentimita 150, kimo kilikuwa kama 40. Cha asili hakipatikani tena. Kusi likishika, maji ya omo (mbele ya boti) yote yanamwishia nahodha usoni. Fundi mmoja anasema tutie kioo cha gari chakavu. Mnaonaje?

Tezi:
Cha gari hapana. Vioo vya pembeni vya gari vimeunguzwa kwa joto ili viwe vigumu, ukigusa kwa msumeno au drili vinamwagika punje zote. Cha mbele kina mabapa mawili yaliyogandishwa, na mkunjo wake hautalingana na boti yako. Cha dirisha la nyumba ndiyo usithubutu, kikivunjika baharini kinatoa visu.

FundiFaiba:
Tumia akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ya milimita 6. Wachora mabango mjini wanakuwa nayo, karatasi nzima ni futi 4 kwa 8, kwa hiyo moja inakutosha na inabaki.

Anza na matundu ya zamani. Choma bisibisi ndani ya kila moja. Ikizama kwenye kitu laini, ubao ulio katikati ya faiba umeoza; chokonoa ulioharibika, acha pakauke kabisa, jaza gundi ya epoksi iliyokorogwa na unga wake hadi iwe nzito kama siagi. Toboa upya baada ya kukauka. Ukiruka hapa, kioo kitang'oka na skrubu zake.

Kisha kata kiolezo cha haadibodi, kiweke mahali pake, mkalishe nahodha kitini, halafu asimame. Ukingo wa juu wa kioo usikatize usawa wa macho yake. Ama aone juu yake, ama aone ndani yake. Hili watu hulikumbuka wakishakata.

Akriliki hupasuka penye tundu, na sababu ni joto. Mita moja hurefuka kama milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto. Boti iliyoanikwa juani pwani ikipishana nyuzi 35 na usiku, kipande cha sentimita 150 kinacheza karibu milimita 4. Skrubu ikikikaba, kitapasuka tu. Kwa hiyo kata vipande viwili vya sentimita 75, uviunge katikati kwa nguzo ya alumini. Kwa bolti ya milimita 5 toboa tundu la 8, na liwe mbali na ukingo angalau milimita 16. Ncha mpya ya drili hung'ata na kukimegua. Ipunguze makali kwa jiwe, toboa polepole, na weka ubao chini. Skrubu za kichwa cha kuzama usizitie, kichwa chake ni kabari. Weka kichwa bapa, washa pana (pete ya chuma) na mpira chini yake, vyuma viwe stenlesi ya 316, isiyoshika kutu kirahisi. Kaza hadi mpira uguse, basi.

Kaskazi:
Fundi, kwa boti inayofanya kazi mimi ningechukua polikaboneti, plastiki nyingine angavu, ya milimita 5. Mtu akiangukia akriliki inavunjika, hii haivunjiki kirahisi. Ila awe mwangalifu, madukani kuna ile ya kuezekea yenye mashimo ndani, siyo hiyo.

FundiFaiba:
Kweli, Kaskazi, lakini inakwaruzika haraka, na isiyopakwa kinga ya jua hugeuka njano. Kwa mwanga wa huku nabaki na akriliki. Mwenye uzi achague.

Mkoani_Bandarini:
Shukran sana. Pembe za sitaha zina mkunjo, nusu kipenyo cha duara lake kama mita moja. Na silikoni ipi ya kuzibia?

FundiFaiba:
Mita moja ni kali kwa akriliki ya 6 bila kuipasha moto; inataka si chini ya mita 1.2, na afadhali zaidi. Hapo Kaskazi ameshinda: polikaboneti ya 5 inakunjika baridi hadi kama sentimita 75. Upana na matundu fuata vilevile.

Tezi:
Silikoni, ile isiyonuka siki. Gundi ya kawaida ya kuzibia boti usiipake, inaweza kuipasua plastiki. Acha unene wa milimita 3 chini, usiibane ikatoka yote. Petroli na tina ya rangi zisikaribie. Polikaboneti hufifia na kuota nyufa ndogondogo. Chumvi imwagie maji yasiyo ya bahari kwanza, halafu sabuni na kitambaa laini. Na ile karatasi ya kinga iliyobandikwa juu ya plastiki ibandue siku hiyohiyo unapomaliza. Ikipigwa jua wiki mbili, utaikwangua kwa kucha.