Kandarasi ya kaunti, misheni Kakamega au hospitali binafsi Nakuru: ungechukua gani?

Nesi_Nyalenda
Hamjambo wakuu. Mimi ni KRCHN (nesi aliyesajiliwa wa afya ya jamii), leseni ninayo, kwa sasa nafanya lokamu, yaani kazi za muda, hapa Kisumu. Nimepata nafasi tatu na lazima nijibu wiki hii.

Kaunti: kandarasi ya miaka mitatu, 42,000 kabla ya makato, kituo cha afya upande wa Nyakach.
Misheni Kakamega: 31,000, ajira ya kudumu, nyumba juu yao.
Binafsi Nakuru mjini: 38,000, wodi ya ICU (wagonjwa mahututi), zamu za saa kumi na mbili, nyumba utafute mwenyewe.

Baadaye nataka kwenda ng'ambo. HELB nayo, wenye mkopo wangu wa masomo, inaanza kubisha hodi. Mngefanyaje?

MkungaMkongwe
Mdogo wangu, chukua kaunti. Ukishaingia umeingia. Nafasi za kudumu zikitangazwa, anayejulikana na ofisi ya afya ya kaunti ana mahali pa kuanzia.

Baba_Tatu
Mama, kwa heshima zote, hapo nakukatalia. Wale wahudumu wa afya wa UHC (mpango wa afya kwa wote) waliajiriwa 2020 kwa kandarasi ya miaka mitatu, na 2025 walikuwa bado wanaandamana Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Kandarasi haina pensheni, mkopo wa benki unapewa kwa kupimiwa, na mwaka wa tatu unafanya kazi jicho likiwa kwenye matangazo ya ajira. Hiyo 42,000 ukiigawa na wasiwasi, inabaki ngapi?

MkungaMkongwe
Haya, kweli. Lakini nyinyi vijana mnasahau kwamba kituo kidogo kinakufundisha kujitegemea. Usiku uko wewe na mlinzi tu, mama anavuja damu baada ya kujifungua, na ambulensi iko njiani. Oksitosini, kukanda uzazi, dripu, simu, yote ni wewe.

Sista_Lurambi
Nimefanya misheni muda mrefu, kwa hivyo nina upendeleo, nakiri. Ule mgomo wa wauguzi wa kaunti wa 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, leba yetu ilijaa hadi akina mama wakalala wawili kitanda kimoja. Uzoefu uko, na nyumba ya bure si jambo dogo. Tatizo ni tarehe ya mshahara. Hospitali za makanisa na za binafsi zimelalamika sana kuhusu madeni ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali, tangu SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, na bima ikichelewa kulipa, mshahara wako nao unachelewa. Usiulize ofisi. Nenda wodini saa ya kubadilishana zamu, uliza nesi yeyote mshahara wa mwezi uliopita uliingia lini.

ICU_Pipeline
Dada, ng'ambo umeitaja mwenyewe, na watu wote wameipita. Mimi niko Nakuru. Ventileta (mashine ya kupumulia), arteriolaini (mpira wa kupima presha ndani ya mshipa), mgonjwa mmoja au wawili kwa nesi: hayo ndiyo mwajiri wa Ghuba au Uingereza anasoma kwenye CV yako. Zamu zinachosha, sikudanganyi, na kodi ya nyumba itakula. Lakini mwombe msimamizi akuandikie kwenye barua ya ajira kwamba ni ICU. Kuna wanaoahidiwa ICU wakajikuta wodi ya upasuaji mwezi wa pili.

Na usije ukanunua ile ya "viza ya mlezi Uingereza" kutoka kwa ajenti. Tangu Julai 2025 hawaajiri walezi wapya kutoka nje. Ya nesi aliyesajiliwa ni njia nyingine: IELTS au OET (mtihani wa Kiingereza) kwanza, halafu CBT (mtihani wa kompyuta), kisha OSCE (mtihani wa vitendo) ukiwa kule.

Baba_Tatu
Ujerumani pia usiusahau, mkataba wa ajira na Kenya ulisainiwa 2024. Ila kufikia B2 ya Kijerumani, kiwango cha kuongea bila shida, baada ya zamu ya saa kumi na mbili... sijui.

Nesi_Nyalenda
Asanteni. Kijerumani kinanikimbiza kurudi misheni, ICU inanivuta Nakuru. @ICU_Pipeline, wanakubali kukupa siku za mtihani bila kukata mshahara?

ICU_Pipeline
Unabadilishana zamu na mwenzako. Andikeni kwenye rosta na msimamizi atie sahihi, la sivyo mmoja akikosa kufika mnaandikiwa barua nyote wawili.

Sista_Lurambi
Kwetu unaomba likizo ya masomo, na unaipata. Kulipwa ukiwa huko ni mazungumzo mengine, ulizia kabla hujatia sahihi.