Vitamini za kuchanua bangi ni wizi wa mchana kweupe, na wauzaji wanajua

Wakuu, salaam. Niko Ujerumani, kwa hiyo wale wa "mkuu utafungwa" watulie kwanza. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya huku inamruhusu mtu mzima mkazi kuotesha miche mitatu ya bangi nyumbani kwa matumizi yake, ilimradi watoto wasiifikie. Bongo hata mche mmoja ni kesi, msijaribu.

Sasa sikilizeni nilivyopigwa. Miche yangu mitatu iko kibarazani, mbegu aina moja, udongo wa mfuko mmoja. Miwili ikaanza kutoa maua mwezi wa nane kama kawaida. Wa tatu, ulio pembeni kabisa, majani tu, kijani kibichi, hauna habari. Nikaenda duka la vifaa vya kilimo cha ndani, jamaa hata hakuniuliza mche umekaa wapi. Akachomoa chupa ya nusu lita, euro 29, ina picha ya ua nono kama gunzi la muhindi: "Vitamini B1, B2 na C kwa maua makubwa." Mwagia yote mitatu, akaniambia.

Nikamwagia. Ile miwili ikaendelea na maua yake, wa tatu kimya. Narudi kulalamika, ananijibu bila aibu: hiyo miwili imechanua kwa sababu ya vitamini, huo mmoja uongezee dozi mara mbili! Jamani, ile miwili ilikuwa na maua kabla sijaijua hiyo chupa!

Dozi mbili zikaunguza ncha za majani. Kumbe nyuma ya chupa, kwa maandishi ya kusomea tochi, kuna fosforasi na potasiamu. Yaani kinachofanya kazi humo ni mbolea ya kawaida, ambayo ukizidisha inaunguza, na vitamini ni jina la kupandishia bei. Mmea wenye majani unajitengenezea B1 wenyewe, unaishusha hadi kwenye mizizi. Hii hadithi ya B1 imetokana na majaribio ya miaka ya 1930 kule California, ambako vipande vya mizizi ya njegere vilivyokatwa na kukuzwa maabara viliitikia thiamini, yaani hiyo hiyo B1. Mizizi isiyo na jani hata moja! Wafanyabiashara wakalibeba hilo wakaliuzia dunia nzima. Vitamini C angalau ina kazi moja, inaua klorini kwenye maji ya bomba, lakini unga wake wa kawaida ni bei ya kutupa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani, Mjerumani mlima nyanya. Alikuja jioni, akasimama pale pembeni, akanyoosha kidole juu. Taa ya barabarani. Inaumulika ule mche usiku kucha, ile miwili imekingwa na ukuta. Bangi ya kawaida, ukiacha zile mbegu zinazochanua kwa umri, huingia kwenye maua usiku ukirefuka, na hilo giza lisikatizwe. Ukiukuzia ndani ya nyumba, saa 12 za giza totoro. Nikatundika turubai jeusi upande wa taa, na sasa vinyweleo vyeupe, dalili ya maua, vimeanza kutokeza kwenye vifundo. Bila senti moja.

Swali moja tu, "mche wako unalala gizani?", lingetosha. Lakini swali haliuzwi kwa euro 29.

Hela wamekataa kurudisha, eti chupa imefunguliwa. Wanaoishi nchi za Umoja wa Ulaya, vitu hivi kama ni lazima agizeni mtandaoni, kule una siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu, ila usifungue kizibo. Mimi niliyenunulia dukani, kuna aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii kwa watetezi wa walaji, Verbraucherzentrale, akasikilizwa? Risiti ninayo, na lebo nimeipiga picha pande zote.