Tukifanya kazi ni Jumamosi, wakigawana viti ni Ijumaa usiku

Naandika saa tano usiku nikiwa kwenye matatu ya kurudi Umoja, Nairobi, na hasira bado imenikaba koo. Chama sitakitaja. Ni kile cha mawakili wa upande wetu wa jiji, na walio ndani watajijua kabla hawajamaliza aya hii.

Mkutano mkuu ulikuwa uwe Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa, chini, hakuna ngazi. Siku tatu kabla, ujumbe ukaingia: umehamishiwa Ijumaa saa moja jioni, orofa ya tatu ya kilabu cha nyama choma, "kwa sababu zisizoepukika". Sababu zenyewe nimezikuta mezani, mbavu za mbuzi na kachumbari.

Lifti hakuna. Mwenzetu anayetembea kwa magongo alifika mapema maana alikuwa anagombea uweka hazina. Akazitazama zile ngazi. Katibu akamwambia, "Si tukubebe tu, wakili?" Mtu yuko ndani ya suti ya mahakamani, unataka kumbeba kama gunia la viazi! Akageuka, akaita teksi. Na ndiye huyo huyo ambaye sura yake mmeibandika kwenye kalenda ya chama mwaka huu, chini ya neno UJUMUISHAJI kwa herufi kubwa.

Kura zikaanza saa tatu unusu. Kufikia hapo wenye watoto wachanga walishaondoka, na anayeishi kule ambako matatu hukatika mapema naye alishaondoka. Waliobaki wakanyoosha mkono mmoja, wa pili umeshika mfupa. Viongozi watano, wanaume watano, watatu kati yao wakiwa kwenye viti hivyo tangu mimi nasomea uwakili Kenya School of Law. Sisi wanawake tukapewa "mwakilishi wa akina mama", cheo kisicho na sahihi benki.

Nikasimama nikataja ibara ya 27(8) ya Katiba ya Kenya, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Mwenyekiti akacheka. "Wakili msomi, hiyo inaibana Serikali. Sisi ni chama cha hiari." Makofi.

Sawa, mheshimiwa. Panda juu kidogo, usome 27(5). Hapo haitajwi Serikali. Inasemwa mtu asimbague mwenzake, waziwazi au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi iliyo kwenye 27(4), na humo mna jinsia, mna ujauzito, mna ulemavu. Hamkuandika mlangoni kwamba wanawake na walemavu marufuku. Mmeandika saa moja jioni, orofa ya tatu. Ni mawakili nyinyi, msinifanye mjinga.

Na hawa ndio walioshangilia Septemba 2020, Jaji Mkuu Maraga alipomshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria ya jinsia. Kundi letu la WhatsApp lilijaa bendera siku ile. Basi hata Bunge hilo lilikuwa na wanawake wengi kuliko kamati yenu.

Msiniambie pia kwamba wanawake hawajitokezi. Raychelle Omamo alishika uongozi wa chama cha mawakili cha taifa mwaka 2001. Mwaka 2024 tukamchagua Faith Odhiambo (ilichukua zaidi ya miaka 20, lakini haya). Taifa zima wamepatikana, kwenu tu ndio wameadimika?

Wako kila Jumamosi kwenye kliniki ya msaada wa kisheria, chini ya hema, nje ya ofisi ya chifu. Huko nendeni mkawahesabu. Fundi hajalipwa kwa kazi aliyokwisha kukabidhi, mama kanyimwa amana ya nyumba baada ya kuhama: tunaketi nao, tunajaza fomu za Mahakama ya Madai Madogo, maana dai halizidi shilingi 1,000,000 na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Karatasi tunatoa nakala kwa pesa zetu. Nauli zetu. Bajeti ya kliniki iliishia kwenye fulana na bango. Mwenyekiti alikuja mara moja, robo saa hivi, akapiga picha na bibi mmoja kabla hata ya kumuuliza jina, akamhutubia kwa Kiingereza cha mahakama kuu. Bibi akanigeukia: "Huyu anasemaje, mwanangu?" Nikakosa pa kuweka uso.

Nikishuka zile ngazi nimeomba kwa maandishi, kwenye kundi la WhatsApp, kumbukumbu za mkutano na taarifa ya benki ya mwaka mzima. Jibu limekuja saa nne na dakika arobaini: nimeondolewa kwenye kundi.

Mwenye magongo ananiuliza twende mahakamani au tufungue chama chetu. Sijamjibu. Kwanza nataka katiba ya chama, ile iliyosajiliwa, si hii nakala wanayotugawia yenye kurasa zinazoruka kutoka 6 hadi 9. Aliye nayo anitumie usiku huu huu.