Tukiugua tunaambiwa tubaki bwenini, tukibaki tunafutiwa mtihani

Ndugu zangu wanachuo, nimevumilia vya kutosha. Kila ukuta wa chuo chetu umebandikwa tangazo linalomtaka mwenye homa ya mafua abaki chumbani hadi apate nafuu, ilhali kanuni za mahudhurio zinasema kwamba atakayekosa vipindi kupita kiwango hataruhusiwa kufanya mtihani, isipokuwa awe na cheti cha daktari. Hebu niambieni, mwanafunzi mwenye akili timamu atatii lipi?

Matokeo yake tunayaona ukumbini. Mtu anaingia macho mekundu, anakohoa mhadhara mzima, na mhadhiri anamtupia jicho tu na kuendelea. Kisha inapitishwa karatasi ya mahudhurio na kalamu moja, hiyo hiyo moja, kuanzia safu ya mbele hadi ya nyuma: aliyetoka kupangusa kamasi kwa kiganja anasaini na kumpa jirani yake, na jirani anaitia kalamu mdomoni huku akitafuta jina lake. Madirisha nayo yamefungwa ati kwa sababu ya kiyoyozi, ambacho mimi sijawahi kuhisi ubaridi wake.

Uongozi usijifanye haujui ugonjwa huu unavyoenea. Virusi vya influenza, ndivyo vinavyoleta homa hii ya mafua, hutoka kwa anayekohoa, anayepiga chafya na hata anayezungumza, na huweza kudumu kwenye vitu vigumu kama meza na vitasa kwa saa 24 hadi 48. Aliyeambukizwa huweza kuwaambukiza wenzake tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huambukiza zaidi katika siku 3 au 4 za mwanzo za kuugua, yaani zile zile ambazo kanuni inamburuta darasani. Ushauri wa kitabibu ni kwamba asitoke hadi zipite angalau saa 24 tangu homa imwishe bila msaada wa dawa za kuishusha.

Hicho cheti nacho ni balaa. Kijana mwenye afya njema, ambaye kwa kawaida angepona kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha, analazimika kujikokota hadi zahanati na kubanana kwenye benchi na mwenye pumu na mjamzito, watu ambao mafua haya yanaweza kuwaletea nimonia, na yote hayo kwa ajili ya karatasi yenye muhuri.

Sabuni vyooni hakuna. Tangazo la chanjo lilibandikwa wakati bweni zima linakohoa, ilhali mwili huhitaji takriban wiki 2 baada ya sindano ili kujenga kinga.

Ninachodai ni kwamba kwa ugonjwa wa siku chache, ujumbe wa simu kwa mhadhiri utoshe, bila cheti, na kipindi hicho kisihesabiwe kuwa utoro. Najua tutaambiwa kwamba wanafunzi watadanganya. Wadanganyifu wapo, na leo hii wanasainiana kwenye karatasi hiyo hiyo inayolindwa kama mboni ya jicho, huku wagonjwa wa kweli wakiketi darasani wanatetemeka kwa homa.

Barua yetu ilipokewa katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi tangu muhula uliopita na hadi sasa haijajibiwa. Ikiwa kuna mwakilishi wa darasa aliyewahi kupewa jibu la maandishi kuhusu jambo hili, naomba aliweke hapa tulisome sote.