Kikundi cha familia: dalali wa nyumba ya Mama

Kaka: Shikamooni wote. Dalali wa tatu amekuja leo kuona nyumba. Ametaja bei kubwa kuliko wenzake wote. Anataka Mama asaini kesho ili aanze kutangaza.

Mama: Marahaba mwanangu. Mbona yeye peke yake ndiye yuko juu hivyo?

Mjomba: Marahaba. Msisaini.

Mjomba: Mimi nilinaswa hapo hapo. Wa kwangu alinitajia bei tamu, nikasaini siku ile ile. Mwezi mzima hakuja mtu. Mwezi wa pili akaanza, "Mzee, soko gumu, tushushe." Tukashusha mara tatu. Mwisho waliokuja wakawa wanauliza nyumba ina kasoro gani hata ikakaa hivyo. Niliuza chini ya bei ya dalali niliyemkataa mwanzoni.

Shangazi: Pole sana shemeji. Sikujua.

Dada: Kaka, ulimwuliza hiyo bei ameipataje?

Kaka: Alisema analijua soko.

Dada: Hilo si jibu, mdogo wangu. Akuonyeshe nyumba zinazofanana na ya Mama, za maeneo yale yale, zilizouzwa karibuni, na pesa iliyolipwa kweli. Bei ya tangazo haina maana, mtu anaandika anachotaka. Halafu yeye mwenyewe kauza ngapi mwaka huu? Alianza na bei gani, akamalizia ngapi, kwa muda gani? Omba namba za watu wawili aliowauzia, uwapigie.

Shangazi: Na leseni. Kama sheria inamtaka awe nayo, ulizeni wenyewe kwa wanaoitoa. Kadi ya biashara mtu yeyote anachapisha.

Mama: Yule dalali mama wa juzi alifungua mabomba yote.

Kaka: Kweli. Akachungulia dari, akapiga picha ule ufa wa jikoni, akasema uzibwe kabla ya kuonyesha watu. Ndiye aliyeuliza hati iko kwa jina la nani.

Mama: Na bado ina jina la baba yenu.

Dada: Mama! Hiyo ndiyo ya kwanza kabisa. Bila kumaliza mirathi hakuna wa kumhamishia mnunuzi hati. Huyu wa leo aliuliza?

Kaka: Hapana. Alikaa sebuleni, simu mkononi, akataja bei.

Dada: Tuma picha ya mkataba wake.

Kaka: 📷 Picha

Dada: Someni kipengele cha mwisho, kile cha maandishi madogo. Miezi 12 yeye peke yake. Hata Mama akimuuzia jirani kwa mkono wake, kamisheni analipwa yeye.

Mjomba: Kumpa mmoja peke yake si kosa. Mwenye uhakika wa kulipwa hujituma, hutoa pesa yake kwenye picha na matangazo. Ila miezi 12 ni mingi mno. Mpeni mitatu, na iandikwe mnavyoweza kuachana naye akilala.

Shangazi: Wifi, jambo moja hili nakuomba. Onana na mnunuzi uso kwa uso kabla ya kukubali bei. Kuna madalali wanaoweka cha juu: wewe unatajiwa hii, mnunuzi anatajiwa nyingine, katikati anabaki nayo yeye. Na pesa ya nyumba isipite mkononi mwake. Iende benki kwako au kwa wakili.

Kaka: Sasa nimwambie nini? Anasubiri jibu leo.

Mama: Mwambie hatusaini. Kesho nakwenda kwa wakili na hati na cheti cha kifo cha baba yenu. Dada yako anisindikize. Nikitoka huko nitampigia yule mama wa mabomba, anionyeshe nyumba alizouza.

Dada: Saa tatu niko mlangoni kwako, Mama.